Kumpiga Picha Wafula kwa Filamu ya Eksirei

Kwa muda mrefu nimekana jambo hili. Nimelikana mezani kwenu, nimelikana kwenye simu, na mara moja nimelikana mlangoni mwa kanisa mbele ya mchungaji aliyeniuliza bila ubaya wowote. Nilisema ile kamera kubwa ya mbao niliinunua kwa ajili ya sanaa. Nilisema nataka mandhari ya Bonde la Ufa. Sasa nakubali: niliinunua ili nipate picha ya mazishi ya kaka yangu angali hai.

Wengi wenu mlikuja kumzika mama, kwa hivyo mnakumbuka picha iliyowekwa juu ya jeneza. Hatukuwa na picha yake. Tulikuwa na kitambulisho, ambacho humfanya kila Mkenya afanane na mshukiwa, na picha moja ya harusi ya jirani ambamo mama alisimama pembeni. Mchapishaji alimkata kutoka kwenye kundi lile, akamkuza, na begani mwake ukabaki mkono wa mtu mwingine, wenye pete. Waombolezaji walipita mmoja mmoja wakiuliza mkono ni wa nani. Mpaka leo sijui. Wafula, kaka yangu mkubwa, alisimama kando ya kaburi akaninong'oneza, "Mimi msinizike na mkono wa mtu."

Kisha Wafula akaanza kukohoa. Anaishi Kabazi, kwenye shamba alilonunua baba alipostaafu kazi ya reli. Mkewe alishatangulia, na watoto wako Nairobi wakitafuta maisha. Kila nikimwambia aende hospitali alisema ni vumbi. Mvua iliponyesha akasema ni baridi. Nilitaka kujua kifua chake kina nini na kama kitatibika, na niliogopa kujua. Mtu mwenye akili angempeleka kwa daktari. Mimi nilinunua kamera.

Kiamunyi, Nakuru: kuondoka

Filamu halisi ya kamera ya ukubwa ule haipatikani Nakuru. Aliyeniokoa ni Chepkorir, rafiki yangu wa tangu tukiwa wapangaji wa ploti moja, ambaye kazi yake ni kupiga watu eksirei. Zahanati alimofanya kazi ilihamia kwenye kompyuta, na maboksi ya filamu yakabaki kabatini. Aliniletea boksi moja pamoja na dawa za kusafishia.

"Imeekspaya," akasema, "lakini hata sisi pia."

Akanieleza tabia zake. Filamu ya eksirei haioni rangi nyekundu, ndiyo maana unaweza kuishika chini ya taa nyekundu bila kuiharibu. Ina utando laini pande zote mbili, na ukiigusa kwa kucha inachubuka kama ngozi ya mtoto. "Na chochote chenye wekundu au kahawia," akasema, "kwake hiyo ni giza." Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayetaka kipindi kiishe. Haikunijia akilini kwamba sisi sote ni kahawia.

Wafula nilikuwa nimemwambia kwamba ninakwenda Nyahururu kupiga picha za mandhari na nitapita kwake nikirudi, kama mtu anayepita tu. Uongo huo ulikuwa na gharama yake. Kutoka Nakuru, Kabazi ni mwendo mfupi. Ili niweze kupita nikitoka Nyahururu ilinibidi kwanza nizunguke Gilgil na Ol Kalou. Mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili, alizunguka vilima vyote hivyo ili uongo wake upate matope ya kweli kwenye magurudumu.

Aliyeniendesha ni jirani yangu, Baba Brayo, mwenye gari la Probox. Tulichelewa kuondoka kwa sababu Probox hiyo hubeba maziwa asubuhi, na maziwa hayangojei sanaa. Alipofika, gari lilinuka maziwa mala, na mitungi miwili ilikuwa bado nyuma, kwa hivyo kamera ikakaa mbele na mimi nikakaa na mitungi.

"Madam, Kabazi si ni hapa tu? Tushike ya Subukia, chai ya saa nne tunakunywa huko."

"Tunapitia Gilgil."

"Gilgil kuna nini?"

"Mandhari."

Alinitazama kwa kioo. Kisha akaitazama kamera iliyofungwa mkanda kando yake kama abiria mgonjwa. "Sawa," akasema. "Kila mtu na pepo zake."

Kariandusi

Tulisimama Kariandusi kwa sababu niliamini ukuta mweupe wa machimbo ya udongo ya pale ungeipendeza filamu yangu. Mawingu yalikuwa chini, ziwa Elmenteita lilikuwa na rangi ya sufuria kuukuu, na upepo ulileta vumbi jeupe, jepesi kama unga, likakaa juu ya kila kitu nilichohitaji kiwe safi. Nikakunjua miguu mitatu ya mbao, nikapandisha kamera, nikavuta mvukuto wake mweusi, nikajifunika blanketi kichwani ili nione kioo.

Chini ya blanketi dunia hugeuka juu chini. Niliona ukuta mweupe ukining'inia, na chini yake, angani, miguu ya mwanamke ikija.

"Mathe," sauti ikasema. "Mnapima barabara?"

Nikatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mchoma mahindi, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara.

"Hapana, hii ni kamera."

"Hata wale wa kwanza walisema ni kamera. Wiki iliyofuata tukapata eksi nyekundu kwa ukuta, eti tubomolewe." Aliangalia miguu mitatu ya mbao, akaangalia kibanda chake, akapima kwa macho umbali uliokuwepo. "Wewe niambie tu inafika wapi. Mimi sitapiga kelele. Nataka nijue kama nipande sukuma wiki ama nisipande."

Nilimweleza kwamba ninapiga picha kwa filamu ya hospitali, ya kupigia mifupa. Maelezo hayo hayakusaidia. Wenzake wawili walifika na vikapu vyao, na mmoja akauliza kama kuna watu wamezikwa pale, maana kwa nini serikali itake mifupa. Nilirudi chini ya blanketi, kitendo ambacho mchoma mahindi aliwafafanulia wenzake: "Anaona aibu. Wakubwa wamemtuma."

Aliyenikomboa ni Baba Brayo, aliyekuwa akitafuna kitu ndani ya gari. "Huyu hajui kupima," akawaambia. "Hata kupaki gari hajui. Ameshinda hapo akipima ukuta na ukuta haujasonga." Walicheka. Tukauziwa mahindi, yameungua upande mmoja na mabichi upande mwingine, na mchoma mahindi alipokuwa akiyafunga kwa maganda aliniambia polepole, "Lakini ukisikia kitu, pita uniambie."

Nikamwahidi. Tangu hapo kila nikifikiria ule mkutano naona kwamba yeye ndiye mtu pekee safari nzima aliyeuliza moja kwa moja alichotaka kujua.

Kabla ya kuondoka niliupiga ukuta picha, kisha nikamsimamisha Baba Brayo mbele yake, akiwa na shati lake la bluu, nikampiga picha moja ya kujaribia.

Ol Kalou mpaka Nyahururu

Mvua ilitukuta baada ya Gilgil. Kuelekea Ol Kalou nchi ilikuwa kijani kibichi cha kuhuzunisha, mashamba ya viazi yaliyojaa maji, kondoo wamesimama wameipa barabara mgongo. Lori la kabichi lilikuwa limeteleza na kuziba njia, na tukakaa nyuma yake muda mrefu sana huku wanaume wakibishana ni nani asukume na ni nani ashauri. Washauri walikuwa wengi. Mama mmoja alipita kwenye magari akiuza minji, yaani njegere, iliyochemshwa ndani ya karatasi, ya moto, yenye chumvi nyingi, na hiyo ndiyo iliyonitunza. Baba Brayo alikataa. Alisema minji ni chakula cha watu waliokata tamaa, kisha akala yangu nusu.

Nyahururu tulipata vyumba katika nyumba ya wageni yenye baridi ya kutosha kuhifadhi nyama. Mvua iliendelea, na kwa kuwa hakukuwa na mandhari ya kuonekana, niliamua kusafisha zile filamu mchana ule. Niliziba dirisha la bafu kwa blanketi, nikapanga sinia tatu za plastiki sakafuni, nikawasha taa ndogo nyekundu ya nyuma ya baiskeli, nikavaa glavu za mpira.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba, mwanamke mnene aliyejifunga leso juu ya koti.

"Madam, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Kuna mgeni ameona taa nyekundu chini ya mlango."

"Nasafisha picha."

"Za aina gani?"

Nilimfungulia ili ajionee mwenyewe, nikiwa nimevaa glavu, na nadhani hilo halikusaidia. Aliangalia sinia, akanusa dawa, akaangalia jinsi nilivyovaa. Mwisho alisema kwamba nyumba yake ni ya watu waliookoka, lakini kwa sababu ya umri wangu ataniamini. Nilimshukuru. Sijawahi kutukanwa kwa upole kama ule.

Filamu ya ukuta wa Kariandusi ilichubuka yote, mistari juu mpaka chini, kwa sababu niliiburuta juu ya sinia isiyo laini. Ya Baba Brayo ilikuwa nzima zaidi. Niliibandika dirishani, nikaipiga kwa simu na kugeuza rangi ili weusi uwe weupe, nikampelekea kwenye meza ya chai.

Aliitazama kwa muda. "Shati imetoka poa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi niko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Lile shati la bluu liling'aa kama la mchungaji wa televisheni. Juu ya kola kulikuwa na shimo jeusi lenye weupe wa macho mawili. Nikamweleza yale aliyonieleza Chepkorir: filamu haioni wekundu, na ngozi yetu ina wekundu mwingi, kwa hivyo inatupitisha kama giza.

"Kwa hivyo haituoni."

"Inaona mifupa. Ilitengenezwa kwa mifupa."

"Hiyo basi haina haraka," akasema Baba Brayo, akavuta kikombe chake. "Mifupa itafika tu."

Nilibaki pale na ile simu mkononi. Nilijiona nikirudi Nakuru na picha ya mazishi ya koti na tai, bila mtu ndani. Jioni hiyo nilimpigia Chepkorir, akanicheka, kisha akaniambia la kufanya: mweke uso wake kwenye mwanga mwingi, tandika kitu cheupe mbele yake kimrudishie mwanga, fungua kamera muda mrefu kuliko unavyodhani, na usafishe polepole. "Na kioo," akasema. "Weka kioo chini ya dawa, filamu isiguse sinia. Na huyo mtu asisonge. Mwambie ashike pumzi."

Kabazi

Tulishuka Subukia asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia bonde, na kufika Kabazi kabla ya jua kupata nguvu. Wafula alikuwa katika nyanya zake. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameshika mti wa kuegemezea nyanya, na kwa muda sikuweza kujua ni nani anamshikilia mwenziwe. Koti lake la kazi lilikuwa kubwa. Nilijiambia ameanza kuvaa makoti makubwa.

"Profesa," akasema. Mimi si profesa. Ni jina alilonipa nilipokwenda chuo kikuu, na hajalichoka. "Unatoka Nyahururu?"

"Natoka Nyahururu."

"Picha zilitoka?"

"Shati moja lilitoka."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja. Baba Brayo alitazama pembeni, akaanza kusifu nyanya. Nami nikazisifu. Tulizisifu mpaka akamaliza.

Wafula alikuwa amechinja kuku, na jirani alikuwa amempikia mboga ya managu kwa maziwa. Tulikula katika chumba chake cha mbele, ugali mkubwa kuliko watu. Sasa, katika nyumba yetu firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkubwa. Baba aliila mpaka alipokufa, na siku hiyo hiyo ikahamia kwa Wafula, na mimi na shahada zangu sijawahi kuionja ila nikiwa nimejipikia mwenyewe mjini. Wafula akaichukua kwa kijiko, akaivusha juu ya meza, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema. "Sina hamu."

Nilikula. Baba Brayo, ambaye kwao Murang'a wana desturi zao lakini anazijua zetu, aliacha kutafuna.

Baada ya chakula nilimwambia Wafula kwamba, kwa kuwa kamera imo garini, afadhali nimpige picha moja. Nilisema hivyo kwa sauti nyepesi niliyoifanyia mazoezi tangu Ol Kalou. Aliingia chumbani, akatoka amevaa suti yake ya kijivu na tai, nywele zimelowanishwa kwa maji. Nikamweka kwenye kiti nje, mbele ya upenu wa jikoni, uso ukitazama jua, nikatandika shuka jeupe mbele ya miguu yake ili mwanga urudi usoni. Nikapiga hatua nyuma, nikajifunika, nikamwona juu chini, mtu wa kijivu akining'inia kutoka kwenye kiti.

"Usisonge," nikamwambia. "Vuta pumzi. Shika. Usipumue."

"Hata wao walisema hivyo," akasema, akakohoa, na filamu ya kwanza ikaharibika.

Hapo ndipo mtu mwingine angeuliza wao ni kina nani. Mimi nilikuwa nahangaika na mwanga. Nikaweka filamu ya pili, akashika pumzi, nikahesabu polepole, nikaona shingo yake ikifanya kazi ya kuzuia. Ya pili ilikaa vizuri.

Watu wa pale walikuwa wamekwisha kuliona boksi kwenye kiti cha gari, na maandishi ya eksirei ubavuni. Wa kwanza na, namshukuru Mungu, wa mwisho kufika alikuwa jirani wa Wafula aliyepika managu, mjane mzee anayeitwa Mama Wangari. Alikuwa na ile bahasha ya kahawia tunayoijua sote, ile tunayopewa hospitalini na kuihifadhi chini ya godoro.

"Nimesikia unasafisha hizi zinakuwa watu," akasema.

Akatoa filamu. Ilikuwa kifua, mbavu na moyo na kitu cheupe chini kulia. "Huyu ni Baba Wangari," akasema, kama anavyotambulishwa mgeni. Mume wake hakupenda kupigwa picha maisha yake yote. Kitambulisho kilizikwa kimakosa ndani ya mfuko wa koti. Kilichobaki ni hii.

Nilimweleza, kwa lugha nyepesi niliyoweza, kwamba filamu ile haina uso ndani yake. Hata nikiisafisha mwaka mzima itatoka mifupa.

"Najua ni mifupa," akasema. "Mimi si mtoto. Lakini ni yake."

Tuliinua ile filamu kwenye anga, mimi upande mmoja, yeye upande mwingine, nikaipiga kwa simu yangu na kumwahidi kuichapisha kwenye karatasi aiweke ukutani. Alionekana kuridhika. Akairudisha kwenye bahasha, akalainisha pembe zake kwa vidole.

"Heri yeye alipewa kitu cha kushika," akasema. "Siku hizi wanapeana sidii. Kama kaka yako. Alirudi nayo akasema ataichezea wapi, kwa redio? Akaitundika kwa nyanya."

Nilidhani sikumwelewa. Nikamwomba anionyeshe.

Katikati ya nyanya kulikuwa na waya, na kwenye waya sidii tatu zilizofungwa kwa kamba za plastiki, zikizunguka na kumemetuka ili ndege wakae mbali. Mbili zilikuwa za nyimbo za injili. Ya tatu ilikuwa na karatasi ya hospitali iliyopauka, na jina la kaka yangu limeandikwa kwa kalamu, herufi zikiwa zimefifia na kuwa za zambarau. Ilikuwa imepigwa na jua na mvua tangu nyanya zikiwa miche. Majibu ya kifua chake, yale niliyozunguka bonde zima nikiyaogopa, yalikuwa yakifukuza ndege.

Nikaifungua kwenye kamba. Wafula alikuwa bado amekaa kwenye kile kiti, amelegeza tai.

"Hii ni yako?"

"Jina si unaliona?"

"Naweza kwenda nayo?"

"Nenda nayo." Akafumba macho, uso kwenye jua. "Lakini unitafutie nyingine. Hawa ndege hawana heshima."

Kurudi Nakuru

Niliishika ile sidii mapajani nikiwa nimeifunga kwa leso safi, kana kwamba uangalifu sasa ungeirudishia miezi yake. Baba Brayo aliendesha taratibu kwenye mashimo bila kuombwa. Tulipofika mjini alisema tu, "Madam, mzee wenu ni mtu mpole," na kwa jinsi alivyolisema nilijua kwamba ameshaanza kumzungumzia kama tunavyowazungumzia marehemu.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Chepkorir. Mumewe alikuwa kazini, na meza yake ya kulia ilikuwa imejaa madaftari ya watoto. Kwanza akanisaidia kusafisha ile filamu ya picha, bafuni kwake, kwa kioo chini ya dawa kama alivyoniagiza. Ilitoka. Uso wa Wafula ulitoka wote, mikunjo ya paji, kovu la kidevu alilolipata akiruka kutoka kwenye behewa, macho yanayoangalia moja kwa moja. Shati halikumshinda. Nilifurahi, kisha nikakumbuka ni picha ya nini, nikaenda kukaa sebuleni.

Chepkorir akafuta sidii kwa kitambaa laini, akaiweka kwenye kompyuta. Ikazunguka, ikalia kama mbu, ikanyamaza. Akaitoa, akaifuta tena, akaiweka. Akaenda kuazima kompyuta ya jirani. Ile nayo ikaizungusha, ikaitapika.

"Jua limeisoma yote," akasema. "Hakuna kitu hapa."

"Tunaweza kwenda kwenye hospitali yenyewe. Watakuwa na nakala."

"Watakuwa nayo. Lakini mwenye jina ndiye anayepewa." Aliifunga kompyuta. "Na wewe nikuulize. Unafikiri huyo kaka yako alipewa sidii akaambiwa kwaheri?"

"Hakuwa na mahali pa kuichezea."

"Yeye, ndiyo. Daktari je? Daktari anaiona kwa kompyuta kabla mtu hajavaa shati. Sidii ni ya kupelekea daktari mwingine. Mtu hapewi sidii hivi hivi, anapewa na maneno." Akaniangalia kwa ile huruma ya watu wa hospitali, isiyo na mapambo. "Mpigie mwenye kifua umuulize aliambiwa nini."

Nilitoka nje kwenye kibaraza. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu. Nilimpigia.

"Profesa. Mmefika?"

"Tumefika. Ile sidii haifunguki."

"Haya."

"Wafula, daktari alikuambia nini?"

Nilisikia kuku wake, na redio ya mtu mbali.

"Unaniuliza leo," akasema.

"Nakuuliza leo."

"Alisema kuna uvimbe. Pafu la kushoto, huku juu. Alinionyesha kwa kompyuta, akaweka kidole. Akasema niende Eldoret watoe kipande wapime, halafu ndio waseme kama ni dawa ama ni kupasua. Akanipa hiyo sidii niende nayo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Kila ukipiga unaniambia niende hospitali. Nilikuwa nimeshaenda." Akakohoa, nikangoja. "Watoto hivyo hivyo. Pasta hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza, umeenda? Halafu unakuja na kisanduku chako, unaniambia nisipumue. Nikasema, huyu naye amekuja kuaga. Basi nikavaa suti."

Niliacha kujitetea, nikauliza.

"Utaenda Eldoret?"

Aliwafukuza kuku kwanza.

"Peke yangu, siendi," akasema. "Siku ile nilitoka kwa huyo daktari nikakaa kwa benchi, na kila mtu pale alikuwa na mtu."

"Utakuwa na mimi."

"Ukija na ile kamera sitoki nyumbani."

"Itabaki."

"Kuja kesho basi. Nitamwachia Mama Wangari nyanya." Nikamsikia akivuta kiti, akikaa. "Na ubebe sweta. Daktari alisema huko Eldoret ni baridi, na mtu anangoja sana."